Kumfundisha Mtoto Kikapu Nje ya Vipindi

Miongoni mwa kazi ambazo mwanachuo atazikuta mara tu apangiwapo shule ya mjini, ipo moja ambayo muhtasari wa masomo hauitaji. Mzazi humjia jioni, akamwomba amfundishe mwanawe mpira wa kikapu peke yake, kwa malipo, ili mtoto huyo atakapoingia sekondari apate nafasi katika timu ya shule. Katika mitaa ya Kariakoo na Mnazi Mmoja ombi la namna hii si la kushangaza. Wazazi wengi wa huko ni wafanyabiashara. Wamezoea kulipia tuisheni ya hesabu na Kiingereza, nao huona kuwa mchezo pia waweza kununuliwa kwa saa. Shabaha ya makala hii ni kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo vizuri, na mahali ambapo yampasa mwalimu kukataa.

Yafaa kwanza tukumbuke mchezo wenyewe ulikotoka, maana ulizaliwa chuoni. Desemba 1891, katika mji wa Springfield huko Marekani, mkufunzi mmoja aitwaye James Naismith alikuwa na darasa la wanachuo 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani wakati wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani za ukumbi, akaandika sheria 13, akawagawa tisa kwa tisa. Jambo la kuzingatia ni hili: katika sheria zile mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira, alipoudaka, alipaswa kuutupa kutoka pale pale alipo. Kudunda mpira kulikuja baadaye. Kwa hiyo asili ya kikapu ni pasi.

Mafunzo ya mtoto mmoja na kocha mmoja huugeuza mpango huo juu chini. Kwa kuwa hakuna wa kumpasia, mtoto hudunda, hudunda tena, kisha hutupia. Baada ya miezi mitatu anaweza kuupitisha mpira katikati ya miguu, na majirani wakamshangilia. Lakini mtie kati ya wenzake tisa, utamwona ameinamisha kichwa, haoni mwenzake aliye wazi chini ya goli. Mwalimu wa michezo wa sekondari humwondoa mtoto wa aina hiyo siku ya kwanza ya mchujo. Mzazi amelipa, mtoto amejitahidi, na wote wawili wamepata hasara. Kwa sababu hiyo twashauri mwalimu ampe mzazi sharti moja tangu mwanzo: mtoto wako aje na wenzake watatu. Ikiwa wenzake hawana cha kulipa, na waje vivyo hivyo, kwa kuwa wao ni sehemu ya somo, na huyo anayelipa hawezi kujifunza bila wao.

Kuhusu mahali, mwalimu wa eneo hili ana nafuu kuliko wengi. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wakoloni waliuacha wazi ili kutenga makazi ya Waafrika wa Kariakoo na mitaa mingine ya mji, hauko mbali na shule nyingi; na pale Kidongo Chekundu kipo kituo cha michezo cha vijana kilichopewa jina la Jakaya Kikwete, kilichofunguliwa mwaka 2015, chenye viwanja vya kikapu. Shule isiyo na goli la kikapu mara nyingi huwa na nguzo ya mpira wa pete. Nguzo hiyo ina kimo kile kile cha goli la kikapu la watu wazima, yaani mita 3.05, ila pete yake ni nyembamba zaidi, sentimita 38 badala ya 45, wala haina ubao. Kwa watoto wadogo kimo hicho kimezidi. Sheria za kikapu cha watoto zimeweka goli katika mita 2.60, pamoja na mpira namba 5, ambao ni mwepesi kuliko namba 7 wa wanaume. Fundi wa kuchomelea vyuma aweza kukunja nondo akapata pete ya sentimita 45, na ubao ukafungwa ukutani kwa kimo hicho. Hapa tusione haya kusisitiza: mtoto wa miaka kumi anayetupia mpira namba 7 kwenye goli refu hulazimika kuurusha kutoka kiunoni kwa mikono yote miwili na kupinda mgongo. Akishazoea hivyo, itamchukua muda mrefu kuliko ule aliojifunzia kuiacha tabia hiyo.

Tuchukue sasa kipindi cha dakika 40, watoto wanne wa darasa la tano, saa kumi na nusu jioni jua likiwa limepungua. Dakika tano ni za kupasha mwili moto. Dakika kumi zinazofuata, watoto watatu wapasiane kwa pembetatu, wa nne akiwa katikati akiuwania mpira. Kudunda ni marufuku, na mwenye mpira asikae nao zaidi ya hesabu ya tatu, wenzake wakihesabu kwa sauti. Zoezi hili ni rahisi kulieleza, nalo hufundisha mambo matatu ambayo maneno hayafundishi: kuinua kichwa, kuhama baada ya kupasia, na kutopasia mahali mwenzako alipo bali mahali aendapo. Mwalimu asiingilie kila kosa. Aache mpira upotee mara mbili tatu, ndipo asimamishe mchezo na kuuliza: nani alikuwa wazi?

Dakika kumi nyingine ni za kutupia, kuanzia hatua moja tu kutoka kwenye goli. Kiwiko kiwe chini ya mpira, mkono wa pili uushike ubavuni bila kuusukuma, na kiganja kimalizie kwa kuinama. Asirudi nyuma hatua moja mpaka afunge mara kumi. Watoto hawapendi sharti hili; wote wataka kutupia kutoka mbali kama walivyoona kwenye televisheni. Zile hatua mbili za kuingia golini zifundishwe kwanza bila mpira, kwa nyayo zilizochorwa kwa chaki sakafuni: kwa atumiaye mkono wa kulia, mguu wa kulia, wa kushoto, kisha kuruka. Dakika zilizosalia ni za mchezo, wawili kwa wawili.

Sasa tuje kwenye malipo, ambapo ndipo penye mtego. Mwalimu anayepanga timu ya shule yake hapaswi kupokea fedha ya kumfundisha mtoto wa shule hiyo hiyo. Hata akiwa mwadilifu kiasi gani, siku atakapomchagua mtoto aliyelipa na kumwacha asiyelipa, hakuna mtoto atakayeamini kuwa alitazama uwezo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kuurudisha mlango wa fedha kupitia uwanja wa michezo ni kuibomoa nia hiyo kwa mkono wa nyuma. Afundishe watoto wa shule nyingine kwa malipo ikiwa kanuni za mwajiri wake zinaruhusu. Wa shule yake awafundishe bure baada ya vipindi, wote kwa pamoja.

Wala asiuze ahadi. Wazazi hupenda kumtaja Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Mfano huo usomwe vizuri. Thabeet alianza kikapu akiwa na umri wa miaka 15, tena ana urefu wa mita 2.21, kimo ambacho hakuna kocha awezaye kukifundisha. Tunachojifunza kwake ni kwamba mtoto mwenye miaka kumi na moja asiyeonyesha kitu bado ana wakati, na kwamba kumchagua mrefu na kumtupa mfupi katika umri huo ni kubahatisha.

Mazoezi yafanyike uwanjani mbele ya watu, kamwe si nyuma ya mlango uliofungwa. Mzazi ajue siku na saa, hasa kwa wasichana, ambao pia wapewe muda wa kufika nyumbani kabla ya giza. Wapo watoto ambao jioni husaidia kwenye meza ya biashara ya mama sokoni. Hao wapangiwe Jumamosi asubuhi mapema. Kila mtoto awe na ukurasa katika daftari la mwalimu: tarehe, pasi zilizofika, mipira iliyoingia kati ya kumi, na neno moja juu ya jinsi alivyocheza na wenzake. Atakapohama kwenda sekondari apewe nakala ya ukurasa huo amkabidhi mwalimu wa michezo wa huko.