Mwanagenzi Karakanani: Funzo la Methali ya Mhunzi

Utangulizi

Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walijiunga na Gredi ya 10 nchini Kenya. Mtaala huo unasisitiza kutenda badala ya kukariri. Kwa hiyo, swali linawakabili wenye karakana, maduka na viwanda vidogo: mwanafunzi wa shule ya upili akija kujifunza kazi, apewe nini afanye? Makala haya yanadai kuwa jibu limo katika methali: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Istilahi

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Neno hilo humhusu pia aliye mgeni wa jambo lolote. Kibarua hulipwa ujira wa siku kwa kazi aliyoifanya. Tarishi hutumwa huku na huko. Tofauti hizi si za kamusi tu. Mwenye biashara anayemwita mwanafunzi mwanagenzi, kisha akamfanya kibarua asiyelipwa au tarishi wa kuleta chai, amevunja maana ya neno na haki ya mtoto kwa pamoja.

Uchanganuzi wa methali

Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Kiambishi -sipo- huonyesha sharti katika hali ya kukanusha, na hu- huonyesha mazoea. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa mtoto hufuata mwenendo wa mzazi wake. Hata hivyo, yafaa tuisome pia kama kanuni ya mafunzo. Haisemi kuwa asiyeweza kusana hukaa kando akitazama, wala kuwa hutumwa dukani. Kuvukuta ni kazi ndogo, lakini ni sehemu ya uhunzi wenyewe: moto ukipoa, chuma hakifuliki. Zaidi ya hayo, anayevukuta hukaa palepale anapoiona nyundo ikipigwa.

Ushahidi wa kitaaluma

Jean Lave na Etienne Wenger, katika kitabu chao cha 1991 kuhusu ujifunzaji, waliwaeleza wanagenzi wa ushonaji nchini Liberia. Wanagenzi hao huanza na kazi za kumalizia vazi, kama vile kutia vifungo na kukunja pindo. Hufuata kushona, na kukata kitambaa huja mwisho. Mantiki ni wazi. Kifungo kilichokosewa hutolewa kikatiwa tena. Kitambaa kilichokatwa vibaya kimepotea. Mshonaji wa Liberia na mhunzi wa methali yetu wanakubaliana: kazi ya kwanza iwe ndogo, lakini iwe ya kweli.

Mfano wa karakana ya seremala

Wanafunzi wengi wa Kenya huyajua maneno randa, patasi, tezo na jiriwa kutokana na orodha za msamiati wa mtihani, ilhali hawajawahi kuvishika vifaa hivyo. Seremala anayempokea mwanafunzi anaweza kuanza kwa kumpa kazi ya kupiga msasa na kupima mbao, huku akimtajia jina la kila kifaa. Baadaye amfundishe kupiga randa na kukadiria gharama ya meza moja. Mbao za mteja azikate mwisho, tena chini ya uangalizi.

Mashine za hatari zikae mbali naye. Sheria ya Ajira ya 2007 humhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na huwaruhusu walio kati ya miaka 13 na 16 kuajiriwa katika kazi nyepesi tu, zisizodhuru afya wala masomo. Kipimo hicho kinamfaa mwanagenzi pia.

Hitimisho

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake kazini hahitaji ripoti ndefu ili kujua kama wanafunzwa. Amwulize kila mmoja jioni: "Leo umevukuta nini?" Atakayetaja chai na ufagio peke yake hajaingia karakanani bado, hata kama ameshinda humo mwezi mzima. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu: twende kwa mafundi, tusikilize wanavyoviita vifaa vyao, tulinganishe na kamusi zetu. Huko nako sisi ni wanagenzi.