Kinga ya Ngano Dhidi ya Kutu ya Shina: Utambuzi wa Adui Katika Kiwango cha Molekuli

1.0 Utangulizi

Mmea hauwezi kukimbia. Mnyama akivamiwa hujihami kwa miguu, pembe au meno. Isitoshe, damu yake husafirisha chembechembe za kinga kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Mmea hauna askari wa kuzunguka hivyo. Kila seli yake hulazimika kumtambua adui, kupiga mbiu na kupigana papo hapo ilipo. Makala haya yanaeleza jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi katika kiwango cha molekuli, kwa kuchukua mfano wa ngano na ugonjwa wa kutu ya shina. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu kisa chake kikubwa zaidi katika miaka ya karibuni kilianzia Afrika Mashariki na kuwapata wakulima wa Kenya mapema. Hoja ya msingi ni kwamba kinga ya mmea ni suala la utambuzi, na kwamba utambuzi unaotegemea jeni moja pekee haudumu.

2.0 Kutu ya Shina ni Nini?

Ugonjwa huu husababishwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis. Jina lake la Kiswahili ni mwafaka, kwa kuwa shina lililoathirika hupasuka na kutoa unga wa rangi ya matofali, mfano wa chuma kilicholiwa na kutu. Unga huo ni spora, yaani vijimbegu vya kuvu, ambavyo upepo huweza kuvibeba kutoka nchi moja hadi nyingine. Spora ikitua juu ya jani au shina lenye umande huchipuka, ikatambaa hadi kwenye stomata, vile vitundu ambavyo mmea hupitishia hewa, kisha ikapenya ndani. Humo huunda viungo vya kufyonzea vinavyotoboa ukuta wa seli na kunyonya chakula bila kuiua seli yenyewe. Kuvu hii ni kimelea halisi: haiwezi kuishi ila kwa mwenyeji aliye hai. Sifa hii, kama itakavyobainika, ndiyo nguvu yake na ndio udhaifu wake.

3.0 Tabaka la Kwanza la Kinga

Ukuta wa seli za kuvu umejengwa kwa kaitini, dutu ambayo mmea hauna. Kwa hiyo kaitini ni kitambulisho cha mgeni. Kuvu inapoingia, vimeng'enya vya mmea huumegua ukuta wake, na vipande vya kaitini hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli. Vipokezi hivyo ni protini zenye sehemu mbili za kazi: moja ya nje inayonusa na nyingine ya ndani, au ya protini mwenza, inayopeleka habari.

Habari hiyo ikishapokewa, mambo kadhaa hutokea kwa dakika chache. Kalisi huingia ndani ya seli kwa wingi. Haidrojeni peroksaidi huzalishwa. Hudhuru kuvu na wakati huohuo hukaza ukuta wa seli. Protini hupokezana ishara, moja ikiamsha nyingine, mpaka ujumbe ufike kwenye kiini, ambako jeni za ulinzi huwashwa. Baadaye seli huongeza kaloza na lignini mahali panaposhambuliwa, sawa na mwenye nyumba anayeziba ufa kabla haujawa shimo. Tabaka hili hutosha kuwazuia kuvu wengi wanaotua juu ya ngano kila siku.

4.0 Tabaka la Pili la Kinga

Kuvu wa kutu hawakubali kushindwa kwa urahisi. Kupitia viungo vyao vya kufyonzea huingiza ndani ya seli protini ndogo ziitwazo efekta, ambazo kazi yake ni kuvuruga ishara za hatari ili mmea usijihami. Mmea nao una protini za ulinzi ndani ya seli zinazozitambua efekta hizo. Uhusiano huu ulielezwa katika miaka ya 1940 na mwanasayansi wa Marekani Harold Flor, aliyechunguza kitani na kutu yake. Alionyesha kwamba kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni mahususi inayolingana nayo katika kuvu. Zikikutana, mmea hupona; moja ikikosekana, mmea huugua.

Katika ngano, jeni za kinga dhidi ya kutu ya shina hupewa alama Sr na namba. Jeni ya Sr35, iliyotoka kwa ngano ya kale ya jamii ya einkorn, ilitambuliwa na kutengwa mwaka wa 2013. Mwaka wa 2017 efekta inayolingana nayo ikajulikana, na mwaka wa 2022 umbo la protini zenyewe likaonekana. Protini ya Sr35 inapoikamata efekta, protini tano za aina hiyo hukusanyika na kuunda duara lenye tundu katikati. Duara hilo hupitisha kalisi kwenye utando wa seli, na seli iliyovamiwa hufa. Kifo hiki si ajali. Kuvu isiyoweza kuishi ila kwa seli hai hukosa chakula, na maambukizi hukomea hapo. Seli chache hutolewa mhanga ili mmea uokoke.

5.0 Kuvu Inapobadilika

Udhaifu wa kinga ya aina hii ni kwamba hutegemea kuonekana kwa efekta moja. Kuvu akibadilisha au akipoteza efekta hiyo, mlinzi hubaki macho lakini haoni kitu.

Kwa miongo kadhaa aina nyingi za ngano duniani zilitegemea Sr31, jeni iliyotoka kwa nafaka ya rai. Mwaka wa 1998 nchini Uganda ngano yenye jeni hiyo ilipatikana ikiwa na kutu. Kuvu hiyo ilichambuliwa mwaka wa 1999, ndiyo maana ikaitwa Ug99. Ilienea Kenya na Ethiopia, ikafika Yemen mwaka wa 2006 na Iran mwaka wa 2007. Mwaka wa 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1970, alitoa tahadhari kwa ulimwengu. Njoro, katika Bonde la Ufa, pakawa mahali pa kuipima ngano kutoka nchi nyingi, kwa kuwa Ug99 ilikuwa tayari mashambani.

Kenya iliendelea kupata funzo hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2006 nasaba mpya ya Ug99 inayoishinda Sr24 iligunduliwa nchini. Mwaka wa 2007 aina ya KS Mwamba, iliyoitegemea jeni hiyo, ikaharibiwa vibaya. Mwaka wa 2014 nasaba nyingine inayoishinda SrTmp ilipatikana, na aina ya Robin, iliyokuwa na jeni hiyo, ikaathirika. Kila mara mkulima aliyenunua mbegu akiamini kwamba ina kinga ndiye aliyelipa gharama, ama kwa mavuno hafifu ama kwa dawa za kunyunyizia.

6.0 Njia ya Kinga ya Kudumu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazalishaji wa mbegu hufuata busara hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya jeni kadhaa za utambuzi katika mmea mmoja. Mwaka wa 2021 watafiti walitangaza ngano iliyowekewa jeni tano mahali pamoja. Ili kuvu aishinde, itambidi abadilike mara kadhaa kwa pamoja, jambo lililo gumu mno. Njia ya pili ni kutumia jeni za kinga ya polepole, kama vile Sr2 na Lr34. Hizi haziui seli ghafla, bali hupunguza kasi ya ugonjwa katika mmea uliokomaa. Lr34, kwa mfano, hutoa protini ya kusafirishia dutu katika utando wa seli, wala haitegemei kuitambua efekta moja. Imetumika kwa takriban karne moja bila kushindwa.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ngano hujikinga kwa matabaka mawili: la nje linalotambua kaitini na la ndani linalotambua efekta. Imebainika pia kwamba jeni moja, hata ikiwa na nguvu kiasi gani, ni ahadi ya muda. Ni muhimu basi maarifa haya yamfikie mkulima wa Narok au Uasin Gishu kwa lugha anayoielewa, ili anapochagua mbegu asiulize tu kama ina kinga, bali aulize pia kinga hiyo inasimama juu ya nguzo ngapi.