Meza ya Mfalme Haingoji Miguu

Somo: 2 Samweli 9:1-13

Jumapili iliyopita nilianza mahubiri kwa kuungama. Nanyi ambao hamkuwepo ningependa msome.

Tuna kijana hapa kanisani anayetumia kiti cha magurudumu. Mnaujua mchanga wa Kyuso: gurudumu likizama, limezama. Susu wake humsukuma mpaka mlangoni, kisha wazee wawili humbeba kupanda ngazi tatu. Kila wiki nimemwekea mikono na kumwombea. Mwezi uliopita akaniambia kwa upole, "Pasta, asante kwa maombi. Lakini hujawahi kuniuliza ningependa kufanya nini hapa." Nilikosa jibu. Kumbe anataka kupiga kinanda! Na kinanda kiko madhabahuni, ngazi nyingine mbili.

Tumwangalie Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipokimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Akaishi mbali, Lo-debari. Daudi alipomwita hakumwambia apone kwanza. Alimrudishia mashamba ya Sauli babu yake, akampa nafasi mezani pamoja na wana wa mfalme. Sura inaisha miguu ikiwa vilevile. Kilichobadilika ni mahali pake.

Mfano wa siku zetu ni Asiya Mohammed Sururu wa Mombasa. Akiwa na miaka miwili tu, ajali ya treni ilimkata miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Baadaye akawa yatima. Lakini huyu dada amechezea Kenya tenisi ya kiti cha magurudumu, na ameshiriki marathoni kwa kiti hicho. Kisha akaingia mashua ya makasia. Mwaka 2019, huko Tunisia, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu kupiga makasia katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Alishindana Tokyo mwaka 2021, kisha Paris mwaka 2024.

Tujifunze mambo mawili.

1. Chombo kilitengenezwa kimfae. Katika daraja lake, mpiga makasia hufungwa mkanda kwenye kiti kisichosogea, akavuta kwa mikono na mabega peke yake, mita 2,000. Hakuna aliyemwambia angoje miguu iote. Walitengeneza kiti, yeye akaleta nguvu na bidii.

2. Mabadiliko ni madogo, kazi ni ileile. Katika tenisi ya viti vya magurudumu, mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili badala ya moja. Basi! Wavu haushushwi, uwanja haupunguzwi. Kwa hivyo kumfungulia mtu mlango si kumhurumia. Ukishaufungua, mwache acheze, tena umdai acheze vizuri.

Sisemi tuache kuombea wagonjwa. Mungu anaponya, nami nimeshuhudia. Lakini nimeona kosa langu: nilifanya uponyaji uwe tiketi ya kuhudumu. Nilimwombea kijana asimame, na huku mimi mwenyewe nimemwekea ngazi tano njiani.

Kwa hivyo Jumamosi hii tunajenga mteremko wa simiti, mmoja mlangoni na mwingine madhabahuni. Mchanga tunao, mawe tunayo. Aliye na mfuko wa simiti alete. Asiye nao alete mikono na sepeto. Na kijana ameshaanza mazoezi ya kinanda. Akikosea nota, mwalimu wa kwaya atamrekebisha kama wengine.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani kijijini kwenu yuko Lo-debari, nasi tumezoea asiwepo?
2. Umewahi kumwombea mtu bila kumuuliza anataka nini?

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kuwabeba watu mpaka mlangoni na kuwaacha hapo. Tufundishe kuwapa nafasi mezani. Katika jina la Yesu, amina.