Nani Yuko Katika Ngeli ya A-WA?

Najua wengi wenu mkiona neno "ngeli" mnafungua ukurasa wa vichekesho. Hebu ngojeni kidogo. Leo siwaulizi wingi wa "ufagio". Nataka tuitazame sarufi kupitia maneno ya siasa, kwani mwaka wa 2027 nitapiga kura kwa mara ya kwanza, nami nina matumaini na nchi hii.

Tuanze na "siasa" yenyewe. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya kwa upole na kwa taratibu. Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Nayo "kura" asili yake ni bahati nasibu: watu walipiga kura ijulikane nani atapata fungu lipi. Wapo wanaosema hilo halijabadilika sana, lakini hayo tuyaache.

Neno lililovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni "mageuzi". Desemba 1991, kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982, kiliondolewa katika katiba, na Desemba 1992 wananchi wakachagua kati ya vyama vingi. Lakini "geuza" ni kitenzi elekezi. Lazima pawe na kitu kinachogeuzwa. Katiba tuliigeuza. "Geuka" ni kitenzi kingine kabisa, na hicho hatukukitenda. Katika Bonde la Ufa watu walifukuzwa mashambani mwao kabla ya uchaguzi ule wa 1992, na wakafukuzwa tena baada ya ule wa 2007.

Hapa ndipo nyanya yangu anapoingia katika somo letu. Alikuwa na shamba dogo karibu na Molo na ng'ombe mmoja mweusi mwenye mabaka meupe. Siku moja, kampeni za 2007 zikiwa zimepamba moto, alipeleka mahindi kwa poshomili. Akamsikia jirani, tena mteja wake wa maziwa, akisema, "Safari hii madoadoa lazima yaondolewe." Nyanya maskini akadhani ni ng'ombe wake anayesemwa. Akajibu, "Hata akiwa na madoadoa, maziwa yake si unakunywa?" Watu wote wakanyamaza.

Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba. Siku chache baadaye nyumba yetu ikawa majivu. Mama alikuwa na mimba yangu. Nilizaliwa Machi 2008 ndani ya hema, katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Waliokufa nchini walizidi 1,100, na waliohama makwao walikuwa mamia ya maelfu.

Sasa turudi ubaoni. "Doa" liko katika ngeli ya LI-YA, pamoja na jiwe na gari. Sikilizeni kiambishi: yaondolewe. Lau yule jirani angesema "majirani zangu waondolewe", huenda ulimi ungemkwama, maana ukitamka wa- unaziona nyuso. Mwalimu ametufundisha kwamba kiumbe hai, hata jina lake liwe na umbo gani, huchukua upatanisho wa A-WA. Kifaranga amepotea. Majambazi walikimbia. Kiroboto ameniuma. Kiswahili kinampa heshima hiyo hata kiroboto, nyanya yangu akanyimwa!

Kuna na "kwekwe", nayo hung'olewa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyatia maneno haya mawili katika orodha ya maneno ya chuki. Ni vyema, ila mtu mwenye nia mbaya hakosi neno jingine.

Neno ninalolipenda mimi ni "mseto". Tarehe 28 Februari 2008 viongozi walitia sahihi mkataba, tukapata serikali ya mseto. Mseto, kama mjuavyo, ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Vimeshikana, lakini ukitazama sahani bado choroko unaiona. Umoja wa namna hiyo ndio ninaoutaka. Tatizo la mseto ule ni kwamba uliivia kwa wakubwa, nyanya akiwa bado kwenye foleni ya unga kambini.

Juni 2024 vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, tulisikiliza redio ya mpishi jikoni. Walisema hawana kabila wala chama. Wengine waliuawa. Nilichokisikia sana ni kiambishi tu-: tumekataa, tumechoka. Hakuna aliyeuliza huyo "tu" ametoka wapi.

Nyanya alirudi shambani katika Operesheni Rudi Nyumbani, iliyoanza Mei 2008. Jirani yule bado hununua maziwa kwetu. Hajaomba msamaha, na nyanya hajamdai. Likizo iliyopita nilimpimia nusu lita. Akauliza masomo yanaendeleaje, nikamwambia yanaendelea. Kama ni unafiki au ni mwanzo wa kugeuka, bado sijaamua.

ZOEZI

Sahihisha upatanisho wa kisarufi:

(a) Kifaranga kimekanyagwa.
(b) Majambazi yalishikwa.
(c) Madoadoa yaondolewe.

Majibu yaletwe katika mkutano wa chama Ijumaa, saa kumi. Kwa (c), taja kwanza ni akina nani, kwa majina yao.