Kabla ya Kutazama Njia ya Kupanda, Tafuta ya Kushuka



Safari hii nina ujumbe wa msichana wa Nairobi aliyejifunza kupanda miamba Lukenya na Hell's Gate. Binamu yake anayeishi Bergen amemwalika Julai waende pamoja visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norway, kule ambako kuta za mwamba zinainuka moja kwa moja kutoka baharini na kwenye fiodi, zile ghuba ndefu nyembamba zilizochongwa na barafu. Ameona vitabu vitatu vya mwongozo na fedha alizonazo ni za kimoja tu. Cha kwanza kinagusa Norway nzima. Cha pili ni cha Lofoten, cha zamani, kinauzwa kwa bei ya kutupa. Cha tatu ni cha Lofoten pia, kipya, na bei yake inaumiza. Anauliza, "Dada, nichukue kipi?"

Nitakujibu, mdogo wangu, lakini kwanza nikufundishe kukisoma kitabu kabla hujakilipia, kwa sababu mwakani utakwenda kwingine na utakuwa na swali hili hili.

Wengi wakishika kitabu cha kupanda hukimbilia picha. Wanaona mtu ananing'inia kwenye granite ya kijivu, chini yake maji ya samawati, na mkono umeshafika mfukoni. Wewe fungua njia moja unayoitamani, kisha usome mwandishi anavyokurudisha chini. Tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na milimani msemo huu ni kweli kabisa. Wakati wa kushuka umechoka, maji yameisha, pengine mvua imeanza, na njia huifahamu kwa sababu hukuja nayo.

Chukua milima miwili ya huko huko Lofoten. Svolværgeita ni mnara wa mwamba wenye pembe mbili, umesimama juu ya mji wa Svolvær. Wanorway watatu, Alf Bryn, Carl Wilhelm Rubenson na Ferdinand Schjelderup, waliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Hadi leo wapandaji huruka kutoka pembe kubwa kwenda ndogo, kisha hushuka kwa kamba. Hapo kitabu lazima kikwambie nanga za kushukia ziko wapi na kamba yako iwe na urefu gani. Sasa nenda Presten, ukuta ulio juu ya barabara ya kwenda Henningsvær. Njia yake maarufu, Vestpillaren, iliyopandwa mara ya kwanza mwaka 1978, ina zaidi ya mita 400. Ukifika juu hurudi ulikotoka: unatembea kwa miguu na kuzungukia nyuma ya mlima. Mahali kama hapo unahitaji mchoro au picha inayoonyesha uelekee wapi, bonde lipi uliingie na lipi ulikwepe. Kitabu kikiishia na maneno "shuka kwa njia ya kawaida", kirudishe kwenye rafu. Njia hiyo ni ya kawaida kwa mwenyeji, wewe ni mgeni.

Jambo la pili ni madaraja ya ugumu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijana wanapojidanganya. Wanorway wana kipimo chao cha namba zenye alama za kujumlisha na kutoa: 5+, 6-, 6, na kuendelea. Aliyezoea madaraja ya Kifaransa kwenye ukumbi wa mazoezi akiona 6 atadhani anaijua. Hizo ni namba mbili tofauti. Vestpillaren hupewa 6 ya Norway, na kwa Kifaransa hiyo iko mahali fulani kati ya 5c na 6a. Ukisikia hivyo unaweza kusema, mbona rahisi? Kumbuka sasa kwamba Lofoten kwa kawaida hukuti mstari wa bolti, vile vyuma vilivyofungwa mwambani moja kwa moja, unaokusubiri. Desturi ya huko ni kila mpandaji aweke kinga zake mwenyewe, vile vyuma vya kubana kwenye nyufa, na anayepanda wa mwisho avitoe. Kwa hiyo 6 hiyo unaipanda ukiwa umebeba mzigo wa vyuma kiunoni, unatafuta ufa wenye kipimo sahihi, na miguu inaanza kutetemeka. Kitabu kinachokufaa kina jedwali la kulinganisha vipimo, na kinakueleza kinga inapatikana wapi, ni ya ukubwa gani, na wapi haipatikani kabisa. Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwamba mwandishi aliipanda njia kwa mikono yake na anakujali.

Na tafadhali, chagua kitabu kwa kumfikiria yule mwenye uzoefu mdogo kati yenu. Binamu yako akiwa hodari na wewe bado unajifunza kuweka vyuma, kitabu chenye njia fupi nyingi za daraja la 4 na la 5 kitawapa siku nyingi za furaha. Kitabu kilichojaa kuta za kutwa nzima kitawapa siku moja ya kugombana.

Umri wa kitabu nao una uzito wake. Miamba tunaisema kana kwamba haibadiliki, lakini inaanguka. Mfano mkubwa uko Norway, katika bonde la Romsdal, kwenye ukuta wa Trollveggen wenye wima wa karibu mita 1,000. Mwaka 1965 vikundi viwili, kimoja cha Wanorway na kingine cha Waingereza, viliupanda kwa njia tofauti katika siku zile zile, na Wanorway walifika juu siku moja kabla ya wenzao. Tony Howard, mmoja wa wale Waingereza, baadaye aliandika kitabu cha mwongozo cha Romsdal. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya mwamba iliporomoka kutoka ukutani na kuharibu njia kadhaa. Kwa hiyo maelezo ya ukuta ule yaliyochapishwa kabla ya 1998 ni historia tamu ya kusoma kitandani, lakini usiyafuate ukiwa na kamba mkononi.

Lofoten yenyewe ina ukoo mzuri wa vitabu. Mmarekani Ed Webster alitoa Climbing in the Magic Islands mwaka 1994. Kisha wakaja Chris Craggs na Thorbjørn Enevold na Lofoten Rock ya wachapishaji Rockfax mwaka 2008, na baada yake Lofoten Climbs mwaka 2017. Kile cha Webster ukikiona kwa bei nafuu na una nafasi nyumbani, kinunue kwa mapenzi tu, kwa sababu mtu akitaka kujua njia zilivyozaliwa anahitaji vitabu vya aina hiyo. Ila kisiwe ndicho pekee unachobeba. Mahali pa kuegesha gari, njia ya miguu inayopita kwenye shamba la mtu, ukuta uliofungwa kwa muda ili ndege watage: hayo yote hubadilika haraka kuliko mwamba.

Kuna jambo moja ambalo wewe uliyekulia karibu na ikweta unaweza usilifikirie. Mlima Kenya tunabadilisha upande kulingana na majira, kwa sababu jua linahama kaskazini na kusini. Lofoten iko juu ya mzingo wa Aktiki, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami. Usiku wa manane liko kaskazini. Maana yake ukuta unaotazama kaskazini, ambao mchana umekaa kivulini ukitoa baridi, saa sita za usiku unaweza kuwa umeoga mwanga wa dhahabu. Kitabu kisichoonyesha kila ukuta unatazama wapi kimekunyima nusu ya siku zako. Tazama pia kama kinasema ukuta unakauka upesi au unavuja siku mbili baada ya mvua, maana mvua utaikuta, Julai au si Julai. Mwandishi mzuri anakupa mahali pa kwenda siku ya mawingu.

Kuhusu programu za simu sina ugomvi nazo. Pakua, piga picha ukurasa wa njia ya siku hiyo, weka simu mfukoni. Lakini betri huisha haraka kwenye baridi na kidole chenye maji hakifungui kioo, kwa hiyo kitabu cha karatasi kiwepo. Ndani ya jalada andika 113 ya gari la wagonjwa na 112 ya polisi, na kabla hamjaanza kupanda, jifunze kutamka jina la ukuta mlipo.

Angalia vilevile kurasa za mwanzo ambazo watu huziruka. Norway ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala porini, kwa masharti: hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, na usizidi usiku mbili mahali pamoja karibu na makazi bila ruhusa. Lofoten imejaa wageni wakati wa kiangazi, na baadhi ya maeneo yamezuiwa kabisa kupiga kambi. Kitabu kinachoeleza haya kwa heshima kimeandikwa na mtu anayeishi na wenyeji au anayewathamini. Mimi kitabu cha namna hiyo nakiamini hata kwenye mambo mengine.

Basi jibu lako. Kitabu cha Norway nzima kiache. Kwa safari ya Lofoten peke yake, ni kama kununua gunia la vitunguu kwa mchuzi wa siku moja: kurasa nyingi ni za mahali ambapo hutafika, na pale utakapofika kimekupa njia tatu tu. Cha zamani kiazime kama kuna mtu anacho. Chukua kipya, mchangie bei na binamu yako, na mkubaliane mapema kitabaki kwa nani. Kikifika, fungua Presten kwanza, soma namna ya kushuka, kisha uniandikie kama umeelewa bila kurudia. Kama hukuelewa, nitumie picha ya ukurasa huo tuusome pamoja kabla ya Julai.

Dada yenu