SOMO KWA WENYE KUANZA KUANDIKA: ANAYEANDIKIA WENGI NI SHAHIDI



Zamani, katika kijiji au mtaa, aliyeandika maneno ya kusomwa na wengi alikuwa mtu mmoja tu: karani, mwalimu au katibu wa kanisa. Leo kila mtu anaandika. Kijana anabandika tangazo kwenye ukuta wa soko. Mama anatuma ujumbe wa simu kwa watu mia mara moja. Mzee anapeleka barua ili isomwe mbele ya mkutano. Kazi ni njema, lakini wengi wameianza bila kufundishwa. Ndiyo sababu ya somo hili.

Anayesema na jirani yake anaweza kuulizwa papo hapo: "Ulisikia wapi?" Karatasi haijibu. Inafika mahali mwandikaji hayupo, na msomaji anabaki peke yake nayo. Kwa hiyo anayeandikia wengi amesimama kama shahidi mbele ya waamuzi. Shahidi wa kweli anasema alichokiona, anataja aliyemwambia, wala hajifichi. Hilo ndilo neno kubwa la somo letu.

1. Soma kwanza, kisha uandike

Mgeni akifika kwenye baraza, haanzi kusema kabla hajakaa na kusikiliza. Wewe vilevile, soma kwanza yale ambayo wenzako wameandika. Huenda habari yako imekwisha kutolewa, au ulizo lako limekwisha kujibiwa. Angalia pia wasomaji ni nani. Maneno ya kusomwa na watoto, wazee na wageni sherti yawe maneno ambayo wote wanayajua.

2. Tenga uliyoyaona na uliyoyasikia

Luka, mwanzoni mwa Injili yake, anaeleza kwamba alichunguza mambo yote tangu mwanzo kabla ya kuandika. Yeye hakuwa miongoni mwa walioona kwa macho tangu mwanzo, wala hakuficha jambo hilo. Nawe jiulize: Hili nililiona? Nimeambiwa na nani? Au ninafikiri tu? Andika "niliona", "fulani ameniambia" au "ninafikiri", kila neno mahali pake.

Tukumbuke ugonjwa wa Ebola uliopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 waliugua, na 2.287 kati yao walikufa. Wakati ule uvumi ulikuwa mwingi: ugonjwa ni wa uongo, umetengenezwa ili watu fulani wapate pesa. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 uliahirishwa kule Beni na Butembo, na wengi wakaona kwamba uvumi umethibitika. Mwezi wa pili 2019 vituo vya kutibu wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hatusemi kwamba uvumi peke yake ndio ulioleta hayo. Vita na maumivu ya miaka mingi yalikuwapo. Lakini mgonjwa aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya uvumi alichelewa kutibiwa, akawaambukiza waliomtunza. Kila aliyepitisha neno bila kuuliza lilikotoka aliongeza kuni motoni.

3. Andika wazi: nani, nini, wapi, lini

Nabii Habakuki aliagizwa kuandika maono yake waziwazi kwenye vibao, ili msomaji asikwame. Basi na tangazo lako liwe hivyo.

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ililipuka karibu na Goma. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliagiza watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke, akaitaja mitaa hiyo kwa majina na kuonyesha njia ya kuelekea Sake. Fikiri kama mtu angeandika tu: "Watu wahame leo!" Mtaa gani? Leo ya siku gani? Ujumbe unaweza kumfikia mtu baada ya siku tatu, na "leo" ya mwandikaji si "leo" ya msomaji. Andika tarehe na saa. Taja mahali. Weka jambo kubwa katika mstari wa kwanza, kwa maana anayekimbia hasomi mpaka mwisho.

4. Tia jina lako

Katika barua ya pili kwa Wathesalonike, Paulo anawaonya waamini wasitishwe na barua inayodai kutoka kwake. Mwisho wa barua anatia salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama. Tangu wakati ule barua za uongo zilikuwapo! Kwa hiyo tia jina lako, na usitie jina la mwingine bila ruhusa yake. Kama unaogopa kutia jina lako chini ya neno fulani, jiulize kwa nini unataka wengine waliamini.

5. Linda mtu unayemwandika

Usitangaze kifo kabla wenye msiba hawajajua. Usitaje ugonjwa wa mtu mbele ya wote. Ukiwa na hasira, andika, lakini acha karatasi ilale usiku mmoja. Asubuhi uisome tena kabla ya kuituma.

Hapa tuchukue mfano. Volkano ilipolipuka 2021, UNICEF lilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengwa na jamaa zao. Mtu anayemwona mtoto aliyepotea anataka kusaidia upesi, akaandika hivi:

"Mtoto amepatikana, mwenyewe aje haraka!"

Tangazo hilo halina mahali, siku, wala jina. Lakini kuandika kila kitu ni hatari pia, kwa sababu mwizi wa watoto naye anasoma. Andika hivi:

"Msichana wa miaka minne hivi amepatikana siku ya posho tarehe fulani, saa kumi za jioni, karibu na soko fulani. Mkuu wa mtaa amejulishwa. Mzazi afike kwake, aeleze nguo alizovaa na jina analoitwa nyumbani."

Umeona? Nguo na jina havikutajwa. Mzazi wa kweli atavijua, mdanganyifu hatavijua.

6. Ukikosa, sahihisha hadharani

Usiku ule wa Nyiragongo, habari za kwanza zilitaja volkano jirani, Nyamulagira. Zikasahihishwa upesi, na kwa watu wa Goma tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana. Nawe ukikosa, sahihisha kwa njia ile ile uliyotumia: kama ni ukutani, basi ukutani, kama ni kwa simu, basi kwa watu wale wale wote. Usifute kimya kimya, kwa maana waliokwisha kusoma wataendelea kubeba kosa. Andika: "Jana niliandika hivi, kweli ni hivi." Shahidi anayejisahihisha ataaminiwa tena kesho.

Maulizo ya kujipima

Kabla ya kutuma, jibu haya:
– Je, niliona mwenyewe, ama niliambiwa na nani?
– Mtu asiyenijua ataelewa ni wapi na lini?
– Jina langu liko chini yake?
– Je, kuna mtu atakayeumia kwa neno hili bila sababu?

Wazazi, someni maulizo haya pamoja na vijana wenu nyumbani. Chukueni tangazo moja lililo kwenye ukuta wa mtaa wenu, mlipime, kisha mliandike upya.

Amani iwe kwenu.