Somo: Mbwa wa kulinda asikonde, tena asinenepe



Mara nyingi tunazungumuza juu ya mbuzi, kuku na mihindi. Leo tuzungumuze juu ya yule anayelala inje kwa kulinda hivyo vyote: mbwa.

Wengi wanasema: «Mbwa akishiba analala, acha akae na njaa, atakuwa mkali.» Si kweli. Mbwa mwenye njaa halindi, anatafuta. Anaacha zizi usiku, anakula mayai na vifaranga vya jirani, na kesi inafika kwa chifu. Tena kule anakozunguka anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa na kuleta ugonjwa nyumbani. Lakini mbwa wa depo, ambaye kila mtu anamtupia bugali, ananenepa, anachoka haraka, miguu inamuuma. Huyo pia hawezi kumfukuza mwizi.

1. Tumia mkono, si macho

Tumbo linadanganya. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu inje hakushiba. Mara nyingi iko na minyoo. Gusa mbavu, kisha linganisha na mkono wako:

- Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo. Mbavu zikiwa vile, mbwa amekonda.
- Nyoosha mkono, pitisha kidole mgongoni mwake, pale vidole vinapoanzia. Mbavu zikiwa vile, mbwa iko muzuri.
- Geuza, gusa kiganja chini ya vidole. Ikiwa unapaswa kukandamiza vile ndipo usikie mfupa, amenenepa.

Kisha simama juu yake: kiuno kionekane nyuma ya mbavu.

Kama kuna mizani ya magunia, jipime ukimbeba mbwa, kisha peke yako. Kilo 73 kutoa kilo 58: mbwa iko na kilo 15. Andika, na umpime tena kila mwezi.

2. Chakula kwa kipimo

Bugali peke yake inajaza tumbo lakini haijengi nyama. Kwa mbwa mkubwa wa kilo 15, anza na hiki kwa siku: unga grama 200 uliopikwa, ndagala kavu mkono moja, na kijiko kimoja cha mafuta ya mawese. Gawanya mara mbili, asubuhi na magaribi. Kama ndagala ni bei kali, tumia vichwa vyake, ao maharagi yaliyoiva vizuri. Maji safi yasikosekane.

Kisha ufwate mkono wako. Amekonda? Ongeza kidogo. Amenenepa? Punguza kidogo, na mtu moja tu ndiye ampatie chakula. Ngoja majuma mawili mbele ya kubadilisha tena. Usimnyime chakula gafula.

Jike anayenyonyesha anahitaji mara mbili, hata mara tatu ya kipimo chake. Watoto wadogo wakiacha ziwa wale mara tatu ao nne kwa siku, kidogo kidogo.

Usimpe: mihogo michungu isiyoloweshwa, maharagi mabichi, supu yenye vitunguu vingi, mifupa ya kuku iliyopikwa (inavunjika na kuchoma matumbo). Mapafu na maini mabichi ya mbuzi yanaweza kumpa minyoo ambayo inarudi kwa watu. Upike kwanza.

3. Anakula lakini anakonda?

Usiongeze bugali tu. Fikiri kwanza minyoo. Mbwa mkubwa apate dawa kila miezi mitatu. Watoto waanze wakiwa na majuma mawili. Uliza veterineri kipimo, kwani kinafwata kilo za mbwa. Zika mavi yake mbali na mahali watoto wanachezea, juu minyoo yake inaweza kuingia kwa watoto pia. Siku hiyo uliza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama anaendelea kukonda kisha ya dawa, umpeleke aangaliwe.

Kazi ya mwezi huu

Kila mwanamemba mwenye mbwa amguse mbavu leo magaribi, aandike: ngumi, mgongo wa mkono, ao kiganja. Tulete majibu katika mkutano. Kisha tuzungumuze:

- Nani nyumbani anapatia mbwa chakula, na saa ngapi?
- Mbwa wa depo ni wa kooperative yote: nani atachaguliwa kumlisha?
- Tunaweza kuchanga pamoja na kumwita veterineri siku moja kwa mbwa wote?